Njo Moja, Madame

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesaidia kufundisha darasa la tatu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale alikaa kwangu akila karanga, halafu akaniuliza, "Mama, mimi nafundisha mwaka wa tatu sasa. Batoto bananisikia muzuri. Hiyo chuo itaniongeza nini?" Karanga zilikuwa zimekwisha na yeye alikuwa na haraka ya kuondoka. Lakini swali lake limebaki nami, kwa sababu niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, tena kwa kiburi kuliko chake, na jibu nililipata kwa aibu. Kwa hiyo ninyi mnaojaza fomu za chuo cha ualimu, na ninyi mnaoziangalia tu zikikusanya vumbi, haya ni yenu. Mimi nimestaafu. Sina mkaguzi wa kumwogopa tena, naweza kusema kweli.

Nililelewa kambi ya jeshi. Baba alikuwa askari pale Makenke, Mbarara, mtu wa Arua, na mama ni Mnyankore wa Biharwe. Hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake, kwa hiyo walipendana kwa Kiswahili cha jeshi, wakagombana kwa Kiswahili cha jeshi, na sisi watoto sita tukakua nacho hichohicho. Kabla ya kula tulipangwa mstari. Nilikuwa msichana mkubwa nilipogundua kwamba kuna watu duniani wanaozungumza bila kupiga kelele, na niliwaonea huruma nikidhani wana ugonjwa wa kifua.

Nilipomaliza sekondari nikasikia kwamba shule za Nakivale zinatafuta walimu wanaojua Kiswahili, maana wakimbizi wengi wa Kongo na Burundi ndicho walichokitumia. Walimu wenye cheti walikuwa haba, hivyo wakatuchukua hata sisi tusio nacho, kwa kibali cha muda. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Kiswahili? Hicho nimekinyonya pamoja na maziwa.

Siku ya kwanza niliingia darasa la nne, watoto zaidi ya tisini, nikasimama mbele nikatoa sauti ya baba: "Darasa! Simama! Mguu sawa!" Watoto wa Kinyankore walisimama wakicheka. Watoto wa Kongo na Burundi walisimama na mikono juu ya kichwa. Wawili waliokuwa karibu na dirisha hawakusimama, walirukia nje palepale dirishani. Nilikasirika sana. Sikujiuliza hata kidogo ni wapi mtoto wa miaka tisa anajifunza kuweka mikono kichwani akisikia Kiswahili cha namna ile. Leo nikikumbuka naumia, na sitaki mtu aniambie nisiumie.

Wakanipa jina, Madame Afande. Nililipenda. Nilidhani ni sifa.

Na sasa nimetaja neno sifa, niwaambie juu ya Sifa mwenyewe, maana habari yote hii ni yake. Aliletwa katikati ya muhula, ana miaka kumi na mmoja. Alikuwa ametoka na mama yake upande wa Uvira, Kongo, na kule alikuwa amesoma miaka mitatu. Watoto wangu wengine wengi wa Kongo walianzia darasa la kwanza hapahapa kambini, wakaandika kama sisi tunavyoandika. Sifa kalamu alijifunza kuishika kwao. Mimi wakati ule sikuona tofauti, mtoto ni mtoto. Alikuwa mrefu, mkimya, na daftari lake amelivalisha kipande cha kitenge.

Hesabu zake zilinichosha. Kumi na nne ukijumlisha na kumi na saba, yeye anaandika thelathini na saba. Tisa mara tatu, anaandika mbili, halafu namba ya pili ameikata kwa mstari katikati, kama mtu aliyebadili mawazo akaondoka zake. Nilipiga X moja, nikapiga ya pili, nikapiga ukurasa mzima. Katika chumba cha walimu tulikuwa na msemo wetu, kwamba hawa wapya hesabu zao zimebaki njiani. Tulicheka, tukanywa chai.

Siku moja nilisimama kando ya dawati lake nikaweka rula juu ya namba. "Hii ni nini?"

Akasimama, akaangalia karatasi. "Njo moja, Madame."

Ngoja niwaeleze nilichosikia. Nilisikia "Njoo." Mtoto wa darasa la nne anamwita mwalimu wake, njoo, kama anavyoitwa mbuzi aliyepotea shambani. Nikamwuliza, "Unasemaje?" Nilimpa nafasi ya kujirekebisha, na nikajiona mwema kwa kumpa. Akarudia polepole zaidi, akiigusa ile namba kwa kidole: "Njo moja."

Nikamshika mkono mbele ya watoto wote tisini, nikavuka naye uwanja, nikamfikisha darasa la pili. Nikamwambia mwalimu wa pale, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Kaa na huyu mpaka ajue heshima na kuhesabu." Madawati ya darasa la pili ni mafupi. Sifa alipokaa, magoti yake yalifika kidevuni, na wadogo wakaangua kicheko. Alivumilia siku tisa. Siku ya kumi hakuja, na hakuja tena. Daftari lake lilibaki mezani kwangu. Nusu yake ilikuwa tupu, na karatasi haziokotwi, kwa hiyo nikalitia kwenye mkoba.

Huyo ndiye mwalimu niliyekuwa kabla ya chuo. Watoto walinisikia vizuri sana. Nilisikika hadi Base Camp, kwenye ofisi za kambi.

Chuoni sikwenda kutafuta elimu, nilikwenda kutafuta karatasi. Ofisi ilitutangazia kwamba wasio na cheti mwaka ukiisha waende nyumbani, basi nikafunga sanduku langu la bati nikarudi Mbarara, miaka miwili. Wala siwadanganyi, nusu ya mambo niliyosoma kule sikuwahi kuyatumia. Nilikariri majina ya wataalamu wa Ulaya yanayovunja ulimi, nikayaandika kwenye mtihani, nikayaacha mlangoni nilipotoka. Nilijifunza kuandika andalio la somo lenye visanduku vingi kuliko mabati ya paa. Mkiyakuta hayo msinune, yajazeni. Lakini ile nusu nyingine ilinitengeneza, na kwa ile nusu nyingine nitashukuru mpaka nazikwa.

Tulikuwa na mkufunzi wa hesabu, Mzee Karuhanga. Alikuwa amefundisha shule ya kambi ya jeshi miaka mingi, kwa hiyo aliponisikia tu akanijua mimi ni mtoto wa wapi, na tangu siku hiyo alizungumza nami kwa Kiswahili chetu kile cha kuvunjikavunjika. Chuoni kuna zoezi la kufundishana wenyewe kwa wenyewe, wenzako wanajifanya watoto nawe unajifanya mwalimu. Zamu yangu ilipofika nikaanza kama nilivyozoea. Sikumaliza sentensi mbili. Karuhanga akainuka kule nyuma.

"Wewe Afande. Hii darasa hapana mlima. Hakuna mtu iko upande ingine."

Wenzangu wakafa kwa kicheko. Akaja mbele, akasimama karibu yangu, akasema kwa upole, "Sasa anza tena. Sema kama wewe naomba chumvi kwa jirani, na jirani iko na mtoto nalala."

Nilijaribu wiki nzima. Sauti ilikuwa inatoka kama ya mtu aliyebanwa na mlango. Lakini shikeni hili, vijana, kwa sababu hakuna kitabu kilichonipa faida zaidi: darasa la watoto wengi halinyamazishwi kwa sauti kubwa. Ukipaza, nao wanapaza, na wao ni wengi. Punguza sauti, sogea katikati yao, anza kusema jambo lenye utamu. Wa mbele watanyamaza ili wasikie, na wa nyuma watawanyamazisha wenzao kwa wivu. Na ukishaandika ubaoni, tembea hadi dawati la mwisho ukasome mwenyewe ulichoandika. Nusu ya walimu ninaowajua hawajawahi kukaa nyuma ya darasa lao.

Karuhanga alikuwa na chuki moja maishani, nayo ni kalamu nyekundu inayokimbia. Alikuwa anasema, "Kosa hapana zaliwa peke yake. Kosa iko na mama yake. Kabla wewe napiga X, enda tafuta mama." Jumatatu moja akatupa kazi: kila mmoja alete hesabu kumi ambazo mtoto amekosa, na kwa kila moja aeleze mtoto alifikaje pale. Si jibu sahihi ni lipi. Alifikaje.

Wenzangu waliondoka kwenda kuomba madaftari katika shule za jirani. Mimi nilikuwa na langu sandukuni. Lile daftari la Sifa nilikuwa nimelipindua, naandika muhtasari wa chuo kuanzia nyuma kuja mbele, na wiki ileile maandishi yangu yalikuwa yamekutana na yake. Ukurasa wa kushoto umejaa maneno yangu mazuri kuhusu jinsi mtoto anavyojifunza namba. Ukurasa wa kulia umejaa X zangu. Nikaketi kitandani na daftari hilo magotini, mchana wa Jumamosi, wenzangu wako uwanjani wanacheza netiboli.

Kwanza nilitafuta mama wa kosa kama mtu anayetafuta kuku aliyefichwa, nikijua hayupo. Halafu nikaanza na zile alizopata, maana zilikuwa chache. Nane mara sita, arobaini na nane, tiki. Ishirini na tano jumlisha kumi na nane, arobaini na tatu, tiki. Sitini toa ishirini, arobaini, tiki. Nikaendelea ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikaona kitu. Katika majibu yote niliyompa tiki, hakuna hata moja lenye moja ndani yake, wala lenye saba. Na katika yote niliyompa X, ukiacha manne tu, kila moja lina moja, au lina saba, au yote mawili.

Nikarudi kwenye ile thelathini na saba. Nikaitazama kama naiona mara ya kwanza. Ile saba haikuwa na mstari katikati. Ilikuwa kijiti kilichosimama, chenye mkia mrefu unaopanda kutoka kushoto. Ilikuwa moja. Kumi na nne na kumi na saba ni thelathini na moja, na Sifa aliandika thelathini na moja. Na ile namba aliyoikata kwa mstari hakuwa ameikata. Ndivyo kwao saba inavyoandikwa, inavaa mshipi kiunoni ili isifanane na moja. Tisa mara tatu ni ishirini na saba, na Sifa aliandika ishirini na saba.

Nilisahihisha daftari zima upya. Mtoto yule alikuwa amekosa hesabu nne tu tangu siku aliyofika.

Nilipeleka kwa Karuhanga bila kuandika ripoti yoyote. Akafunua, akafunua, akavua miwani. Nilitaka aniambie kwamba ni kosa la kawaida, kwamba mtu yeyote angekosea. Hakusema hivyo. Alisema, "Hii mama ya kosa mimi najua yeye. Iko hapa mbele yangu." Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, "Huyu mtoto iko wapi sasa?"

Nikasema sijui. Akanirudishia daftari. "Basi wewe bado hapana maliza kazi yangu."

Alinipa alama zote kumi kwa zoezi lile, na ndizo alama zilizoniuma kuliko zote.

Nilipopata cheti, mama yangu alikuwa ameshaongea na watu wake, na nafasi ilikuwepo katika shule moja pale Biharwe, hatua chache kutoka nyumbani kwake. Barabara ya lami, maji ya bomba, chakula cha mama. Nikaenda ofisini nikaomba Nakivale. Mama alininunia mwezi mzima. Aliniuliza kama kule nimeacha bwana. Nikamwambia nimeacha mtoto, na hapo ndipo mambo yakazidi kuharibika, mpaka nilipomweleza ni mtoto wa namna gani.

Kumtafuta hakukuwa kazi. Walikaa Misiera, na katika vijiji vya kambi kila mtu anamjua kila mtu. Mama Sifa alikuwa anauza unga wa muhogo, na kando ya meza yake magunia yamesimama, kila moja limeandikwa kilo zake kwa makaa. Nilisoma namba zile kabla sijasalimia. Zote zina mikia na mishipi.

"Karibu, Madame. Unatafuta bunga?"

"Asante, mama. Namtafuta Sifa."

Akanitazama vizuri, na hapo akanitambua. Tabasamu likaondoka. "Sifa eko hapa nyuma. Lakini alishaacha masomo. Unamutafuta juu ya nini?"

Sifa akatoka nyuma ya magunia, mikono myeupe kwa unga. Amekuwa msichana mkubwa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yote yakanitoka, nikajikuta naonyesha gunia la karibu kwa kidole, namba ya kwanza, na kuuliza tena swali lilelile la kipumbavu. "Hii ni nini?"

Mama yake ndiye aliyejibu. "Njo moja, Madame."

"Mama, unaniita wapi? Si niko hapa."

Yule mama akaangalia kulia na kushoto, akacheka licha ya hasira yake. "Siko nakuita. Nasema njo moja. Njo, ni kusema njo yenyewe. Njo bunga. Njo Sifa. Njo mimi."

Jamani! Niliketi juu ya gunia bila kukaribishwa. Mwaka mzima nilioishi Nakivale nilikuwa nasikia neno hilo sokoni kila upande, njo, njo, njo, nikadhani Wakongo ni watu wa kuitana sana. Mtoto hakuniita. Mtoto alinijibu. Nilimwuliza hii ni nini, akanijibu kwa adabu, mara mbili: hii ndiyo moja, Madame. Na kwa jibu hilo nikamvusha uwanja.

Nikatoa daftari nikalifungua, nikawaonyesha tiki mpya juu ya X za zamani. Nikasema, "Sifa, hesabu zako zilikuwa sawa. Mimi ndiye sikujua kusoma. Nisamehe, mwanangu, urudi shule."

Mama Sifa alikuwa ameshalainika, nilimwona akifuta jicho kwa pembe ya kitenge. Sifa hakulainika. Alilipindua lile daftari taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akalifunga.

"Madame, ulinipelekaka mu klasi ya pili mbele ya bantu bote," akasema. "Musamaha unaniletea huku nyuma ya bunga."

"Sifa!" mama yake akamkemea.

"Haiko vile, mama? Aende aseme fasi alisemeaka, mbele ya bote."

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwema, mpenda utaratibu. Nilipomweleza ninachotaka kufanya kwenye paredi ya asubuhi aliweka kikombe chini. "Madam, wewe nataka kuharibu sisi. Mwalimu naomba msamaha kwa mtoto? Mbele ya shule mzima? Kesho hawa nakaa juu ya kichwa yetu." Nikamwambia huenda ni kweli. Nikamwambia pia kwamba bila hivyo yule mtoto harudi, na mimi kila nikishika kalamu nyekundu nitakuwa naona uso wake. Akanywa chai yake mpaka ikaisha. Mwishowe akasema, "Fanya. Lakini mimi sitakuwa hapo." Asubuhi ile alijifungia ofisini, na dirisha la ofisi lilikuwa wazi kabisa, na pazia lilikuwa linatikisika bila upepo.

Nilisimama mbele ya shule nzima. Mama Sifa na binti yake walikuwa mbali, karibu na lango, hawajaingia wala hawajatoka. Hapo sauti ya kambini ingenifaa, lakini ilinikimbia. Watoto wa nyuma wakaanza kunyamazishana. Nilisema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Watoto, miaka miwili iliyopita nilimtoa Sifa darasa la nne nikampeleka la pili. Nilisema hajui hesabu na hana heshima. Hesabu alizijua. Heshima alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyekosa, na namwomba msamaha mbele yenu." Kisha nikachora kwenye ubao niliokuwa nimeutoa nje moja ya kwetu na moja ya kwao, saba ya kwetu na saba ya kwao, nikasema zote nne ni halali katika darasa langu.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepanda kichwani kwa mtu. Sifa akaja kutoka langoni akapita katikati ya mistari, akaenda kusimama mwisho wa mstari wa darasa la tano, amewapita wote kwa kichwa kizima.

Alimaliza darasa la saba, tena vizuri, kwa moja za kwetu, maana nilimfundisha kuzibadilisha kwa ajili ya watahini. Chuo kilinifunza kumwelewa mtoto, lakini mtihani hauelewi mtu, na hilo nanyi mtawafundisha wenu. Nilifundisha Nakivale mpaka nikastaafu. Siku hizi mna simu zenye kila kitu ndani, na nasikia wanataka kila mwalimu awe na digrii. Vizuri, zichukueni zote. Namshukuru Karuhanga, ambaye alinifanya nione kwamba mwanafunzi wa kwanza wa kurekebishwa darasani ni yule mwenye chaki. Nalishukuru lile sanduku la bati, na mama yangu aliyenisamehe, na miaka ile miwili ya Mbarara. Bila chuo ningefundisha maisha yangu yote bila kujua ni watoto wangapi niliowafunga kwa kalamu.

Hata hivyo nusura nisijue. Kwa maana siku ya pili baada ya paredi ile, asubuhi, kabla ya kengele, nilikuta mvulana wa Burundi amesimama mlangoni pangu. Alikuwa darasa la sita, mmoja wa wale wapya niliowafundisha kabla ya chuo. Alikuwa na daftari kuukuu, kurasa zimegeuka kahawia. Akaliweka mezani.

"Madame, na mimi. Uniangaliye kaye yangu."

Nikalifungua. Mwandiko wa X ulikuwa wangu. Nikainua macho kumwambia aketi, nikaona nyuma yake kuna msichana. "Na mimi." Nyuma ya msichana kuna wawili. "Na mimi, Madame." Mstari ulitoka mlangoni ukapinda kuelekea choo cha wavulana, na kila mmoja ana daftari kifuani, mengine yameliwa na mchwa, mengine yamefungwa kwa kamba, yametunzwa miaka miwili na watu wasio na kabati. Walikuwa wameyatunza kwa sababu walijua walikuwa sahihi.

Sifa alitoka darasa la tano bila ruhusa, akavuta kiti akakaa kando yangu. Pale nisipoweza kusoma mwandiko alikuwa ananisomea, taratibu, hii moja, hii saba, hii pia saba. Nilifika daftari la nne au la tano, X yangu inafutwa, inayofuata inafutwa, na machozi yakaanza kunidondoka bila kuniomba ruhusa.

Sifa akalisogeza lile daftari kando, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Madame, usilie mu makaye ya bantu," akasema. "Wino ya biki itachafuka, halafu utakosa kuisoma tena."

Nikajifuta kwa mkono wa gauni, nikalivuta daftari lililofuata.